Gemu Aliloliacha Omari

Kwa mwanangu Rehema,

Wewe na mama yako mmeteremka Lushoto tangu asubuhi kununua vile vitu mlivyosema vimebaki, na mimi nimepata nyumba peke yangu. Nimekaa mezani karibu na dirisha. Ukungu unapanda kutoka bondeni na kabichi za jirani hazionekani tena. Salamu tutapeana kesho kituoni, kwa hiyo hapa sizianzi.

Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki nimemwachia mama yako. Ameshazisema, na atazirudia mpaka basi la Mbeya liondoke. Mimi nataka kuandika yale tuliyoyapitia mimi na wewe tukaishia kuyazungumza nusu nusu. Kuna moja hasa ambalo hatujawahi kuligusa. Nitalifikia, ila lazima nianzie kwa Omari.

Omari alikuwa utingo wangu kwenye lori, wewe ukimwita kaka. Ndiye aliyekuja na ile mashine ya gemu kutoka Dar, imefungwa kwenye gunia tupu la viazi, akaomba aiweke kwetu kwa sababu kwao hakukuwa na televisheni. Mama yako akakubali kabla sijafungua mdomo. Tangu siku hiyo, kila tukirudi safari, Omari alikuwa anafika hapa, anakula, kisha mnakaa chini wewe na yeye mmeshika pedi za kuchezea, mnatazama watu wa katuni wenye nywele za rangi wakipigana na madude yenye meno.

Nililichukia gemu lile. Nilisema ni ujinga wa watoto na yeye ni mwanaume mzima. Alikuwa akicheka tu. "Mzee, hili limeanza kutengenezwa Japani kabla mimi sijazaliwa," aliniambia siku moja tukiwa tunapakia karoti. "Kila baada ya miaka michache wanatoa sehemu nyingine. Watu wapya, nchi mpya, lakini wimbo wa mwanzo ni ule ule. Ukiusikia unajua umefika nyumbani."

Nikamwambia nyumbani kwake ni kwa mama yake, na karoti hazijipakii. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiongea naye. Sikuwa mkali kwa sababu alinikosea. Nilikuwa nimezoea kuongea hivyo na kila mtu anayenifanyia kazi, na nilidhani ndiyo heshima.

Siku ile tuliyoshambuliwa, unajua tulipakia kabichi na viazi hapa Lukozi na mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kona za chini ya Soni ukungu ulikuwa mzito mpaka taa hazisaidii, na ilikuwa alasiri tu. Nikaona mawe barabarani. Wakati wa mvua mawe huporomoka kila mara, sikushtuka. Nikamwambia Omari ashuke ayasogeze.

Polisi wameyasikia haya, mahakama imeyasikia, wewe ulisikia vipande. Leo nakuandikia yote, kwa sababu umeshakuwa mtu mzima na sitaki uyasikie kwa watu.

Walitoka kichakani upande wa juu, wanne, wamejifunga vitambaa usoni. Mmoja alikuja mlangoni kwangu akafungua na kuniambia kwa sauti ya upole kabisa, kama karani wa zahanati, "Samahani mzee, shuka taratibu usije ukaumia." Nikashuka. Nilipogusa ardhi alinipiga na nondo mdomoni. Nilisikia taya linavunjika ndani ya kichwa changu, kama mtu anavunja muwa. Nikashika mlango nisianguke, mwingine akaniteremshia panga mkononi. Vile vidole viwili vilibaki kwenye ngazi ya gari. Wakataka hela. Tulikuwa tunateremka na mzigo, hela ilikuwa bado iko sokoni Dar, na mimi sikuwa na mdomo wa kuwaeleza.

Omari alikuwa mbele, kwenye mawe. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Upande wa chini wa barabara kulikuwa na shamba la mahindi, na kwa ukungu ule hatua chache tu zingetosha wasimwone tena. Akarudi. Alichomoa spana ya magurudumu chini ya kiti chake, akampiga mmoja wao bega likalegea. Mimi nilikuwa nimelala chini karibu na tairi la mbele. Nilimwona mpaka kiunoni tu. Nilimwona akizungukwa, nikaona miguu yake ikirudi nyuma, ikateleza kwenye matope, akapiga magoti. Hapo nikamwona uso. Yule wa sauti ya upole akamwambia, "Samahani kaka," kisha akamkata shingoni. Alimkata mara moja, akatazama, akamkata tena.

Walichukua simu zetu na betri ya gari wakaenda. Omari hakufa palepale. Nilijiburuta mpaka alipo, nikamshika shingo kwa mkono uliobaki na vidole vyote, na damu ikawa inapita katikati ya vidole vyangu, ya moto, na mvua inaiosha. Alijaribu kusema kitu. Sikukisikia, maana na mimi nilikuwa nalia kwa pua. Basi la kutoka Mombo lilipotukuta alikuwa ameshakufa.

Hospitali walinifunga taya kwa waya. Miezi ile ya uji kwa mrija unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Nilikuwa nimelala pale sebuleni kwa sababu mama yako alitaka anione akiwa jikoni. Sikuweza kusema. Kitu pekee nilichoweza kufanya ni kusikia na kutazama, na wewe, arobaini ya Omari ilipopita, ukaiwasha mashine yake.

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Nilipiga kitanda kwa ngumi ili uzime. Ukanitazama ukasema, "Baba, hakumaliza," ukaendelea. Kama ningekuwa na mdomo ningekutukana. Nashukuru sikuwa nao.

Kwa hiyo nikatazama. Mwanzoni nilitazama kwa chuki tu, nikitafuta ubaya wake. Kijiji kinachomwa moto. Askari wanachinja watu. Halafu wakati wa kupigana, watu wako wanne wanasimama upande huu, madude yanasimama upande ule, na wanapigana kwa zamu. Huyu anapiga, anarudi mahali pake, anasubiri apigwe. Niliona ni upuuzi mkubwa. Nilikuandikia kwenye karatasi, "Kwa nini anasubiri?" Ukajibu, "Ndiyo sheria yake, Baba. Kila mtu ana zamu. Anapata nafasi ya kufikiri." Nikageukia ukutani. Barabarani hakuna aliyenipa zamu.

Siku moja nikakuandikia tena. Nilikuwa nimeona herufi juu ya kichwa cha yule mtu mnene mwenye upanga mkubwa kama ubao wa gari. Nikauliza ni nini kile. Ukasema, "Ni jina lake. Gemu linakuacha uwape majina. Omari ndiye aliyewapa." Ukaninyooshea kidole. "Huyu kijana wa mbele ni Omari. Huyu msichana anayetibu ni Rehema. Huyu mwenye upinde ni Mama." Na yule mnene, wa mwisho kupiga kila mara, anayekwenda kama ng'ombe aliyeshiba lakini akipiga mara moja dude linaanguka, ulisema, "Huyo ni wewe, Baba. Alimwita Mzee."

Nikakunja karatasi nikaiweka chini ya mto.

Tangu hapo nikawa namtazama huyo Mzee. Nilitaka ajitahidi. Nilichukia akipigwa. Nilianza kujua ni dude gani linaogopa moto na lipi linaogopa maji, nikawa nakuonyesha kwa kidole kabla hujabonyeza, na wewe ukaanza kunisomea maneno yao, ukiyageuza Kiswahili na mara nyingine Kishambaa, kila mmoja na sauti yake. Yule Mama mwenye upinde ulimpa sauti ya mama yako akigomba na muuza mkaa. Nilicheka, waya ukanichoma ufizi.

Kuna jioni unaikumbuka, najua, ingawa hatujawahi kuitaja. Tulikuwa kwenye pango na lile joka lenye mikono sita. Likampiga kijana wa mbele akaanguka kifudifudi, na maandishi yakatokea kwamba Omari ameanguka. Ulikuwa umeshaiona mara nyingi ukicheza naye akiwa hai, mkicheka. Siku ile uliweka pedi chini ukafunika uso. Joka likabaki limesimama linasubiri, kwa sababu ilikuwa zamu yetu. Nikakusogezea pedi kwa mguu. Ukaishika, ukamchagua Rehema, ukafungua mfuko wa dawa, ukampa kichupa. Mwanga ukamshukia, akanyanyuka akashika upanga wake.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Mama yako alidhani nimepata wazimu. Mwanangu, ni kitu cha kijinga, katuni imenyanyuka. Lakini mimi nilikuwa nimeshika shingo ya yule kijana mpaka ikapoa, na kuanzia siku hiyo sikumwona tena isipokuwa ameanguka. Jioni ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona amesimama.

Halafu tukafika kwa yule nahodha wa askari aliyechoma kile kijiji cha mwanzo. Wiki nzima tulimfukuza mlima kwa mlima. Alipoanza kuongea ukampa sauti ya upole, laini, yenye samahani nyingi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya sauti ile, mdomo wangu ulikuwa bado umefungwa. Nikakuandikia, "Kwa nini sauti hiyo?" Ukasema, "Mtu mbaya anayepiga kelele hanitishi, Baba. Huyu ananitisha."

Tukampiga. Ilichukua muda mrefu, mara mbili alituua sote. Mwishowe akapiga magoti, na gemu likauliza: mmalize au mwache? Nikapiga kitanda. Mmalize. Ukasema hapana. Nikaandika kwa herufi kubwa mpaka karatasi ikachanika, MUUE. Ukaniambia, "Omari asingemuua mtu aliyepiga magoti," ukabonyeza. Nahodha akaenda zake. Nilikaa siku kadhaa bila kukutazama, na ulipowasha nilifumba macho. Nilikuwa nimechukia kweli. Mtu mzima nimenuna kwa sababu ya katuni, na wewe ukijua kabisa kwamba sikuwa nimenuna kwa sababu ya katuni.

Sasa nafika pale.

Waya ulishatolewa, nilikuwa nimeanza kwenda sokoni kusaidia kupima viazi. Ulikuwa na mimi, likizo. Watu wamejaa, malori yanapakia. Mtu mmoja aliyebeba gunia la karoti alitaka kupita nyuma yangu, akasema, "Samahani mzee, naomba nipite."

Niligeuka. Sura yake sikuwa nimewahi kuiona, ilikuwa na kitambaa siku ile. Nikamwambia, "Sema tena." Akatabasamu. "Nimesema samahani mzee." Kisha akautazama mkono wangu, pale palipokosa vidole. Tabasamu likaondoka, naye akaacha gunia lianguke.

Jiwe la mizani la kilo tano lilikuwa karibu yangu. Nilimpiga nalo usoni kabla sijasema neno. Jicho lake lilipasuka, nililiona. Alipoanguka nikampiga kifuani, nikapaza sauti, "Ndiye aliyemuua Omari!" Sikuhitaji kusema mara mbili. Lukozi nzima ilimjua Omari. Walikuja na fito, na mawe, na mbao za matenga. Mtu alimkanyaga mkono mpaka mfupa ukatoka. Alikuwa analia sasa, si kwa ile sauti yake laini. Mmoja alileta tairi. Kijana wa bodaboda alilaza pikipiki yake akawa anakinga petroli kwenye chupa ya maji, polepole, asimwage.

Nilifurahi, Rehema. Sitaki ufikiri baba yako alikuwa na huruma. Damu yake ilikuwa imenirukia shati na nilikuwa nafurahi kama mtu aliyepata maji. Na lile gemu, watu wakiniuliza, sikulifikiria hata kidogo. Sikumkumbuka nahodha wala zamu ya mtu.

Nilichoona ni wewe. Ulikuwa umesimama ng'ambo ya yule mtu, kitambaa chako cha kichwa kimevuka, umeshika jiwe la ukubwa wa nazi kwa mikono miwili, umelinyanyua. Uso wako sikuutambua kwa muda, halafu nikautambua. Ulikuwa uso wangu. Ndivyo nilivyokuwa nikihisi uso wangu kwa ndani tangu siku ya kona zile.

Nikamlalia. Sijui kama nilitaka kumwokoa yeye. Nilitaka jiwe lako lisimpate. Alikuwa ameshajikunja kifudifudi; nilijitupa juu yake tumbo kwa mgongo, nikafunika kichwa chake kwa mikono, naye akawa ananitapikia damu kwenye kiwiko. Walikuwa hawajaniona vizuri, fito zikanishukia mgongoni. Na jiwe lako ulikuwa umeshaliachia.

Lilinipata begani, Rehema. Lile bega la kushoto ambalo hunikanda kila baridi ikizidi, ukisema ni lile pigo la barabarani. Barabarani hawakunigusa bega. Najua unajua. Tangu siku hiyo huwa unalikanda umegeuza uso pembeni, na kila nikisema "ahsante mama" unanyamaza. Nimekuacha na mzigo huo muda wote huu kwa sababu nilidhani nikinyamaza nitakuwa nakusitiri. Nilikosea. Kunyamaza kwangu kulikufanya ufikiri ni jambo lisilosemeka. Linasemeka. Ulirusha jiwe, likampata baba yako, baba yako akaishi. Ungemuua yule mtu, sasa hivi ungekuwa unalala naye kila usiku kama mimi ninavyolala na jicho lake. Bega langu linauma siku za baridi tu.

Unakumbuka nilivyopiga kelele, "Ni mimi, Shabani, acheni"? Waliacha taratibu, mmoja mmoja, wengine wakinitukana. Polisi walimchukua kwenye machela. Alihukumiwa, akawataja wenzake, na yuko ndani na jicho moja. Hukumu iliposomwa aliniangalia.

Wewe na mimi tulirudi kwenye gemu kama wiki mbili baadaye. Tulimaliza sehemu ile, tukamaliza iliyofuata, na ile ya tatu ambayo mjomba wako aliileta kutoka Tanga. Nimejifunza kushika pedi kwa vidole nilivyo navyo. Watu wanashangaa nikipiga mluzi ule wimbo wa mwanzo nikikata majani ya ng'ombe. Omari alisema ukweli juu ya wimbo ule, na mimi nilikuwa namjibu habari za karoti. Kila sehemu mpya ikianza na kuuliza majina, tunaandika yale yale manne, na hakuna kati yetu aliyewahi kupendekeza kubadilisha.

Kuna gharama moja ambayo uliiona lakini hukuwahi kuniuliza. Mama Omari aliacha kunijibu. Alikuwa bado anamwomboleza mwanawe aliposikia kwamba Shabani alimlalia muuaji wa mwanawe, alimfunika kwa mwili wake, mwili ambao Omari aliufia. Ningekuwa yeye nisingejijibu pia. Nilikwenda kwake mara moja tu kueleza, akaingia ndani akafunga mlango. Tangu hapo nikikutana naye njiani nasema, "Shikamoo, mama," na yeye anapita kama amepita mti. Miaka mitatu sasa. Mama yako aliniambia niache, najiaibisha. Sikuacha. Yeye ni mkubwa kwangu, kumwamkia ni haki yake, kujibu au kutojibu ni lake.

Jana ulipokwenda kuwaaga mashangazi zako, alikuja hapa.

Nilikuwa uani nanoa panga. Nikasimama, nikaliweka chini, nikasema, "Shikamoo, mama." Hakujibu. Alinipita akaingia sebuleni akakaa kwenye kiti cha mama yako. Nikamfuata nikasimama mlangoni kama mgeni.

"Nimesikia Rehema anaondoka," alisema.

"Ndiyo, mama. Keshokutwa."

"Akiondoka, mashine ya mwanangu mtaizima?"

Nikamwambia hapana, na mimi nacheza. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Kisha akasema, "Watu wananiambia yumo humo ndani. Nionyeshe."

Rehema, nikachomeka waya wa televisheni. Nikaiwasha. Wimbo ukaanza. Sikujua nimwonyeshe nini, nikaifungua ile ya kwanza kabisa, ya kwake mwenyewe, pale mwituni tunaporudi kuzurura tangu tuimalize. Nikamwonyesha kwa kidole. "Huyu wa mbele."

"Mbona ana nywele za buluu?"

"Ndivyo walivyomchora Wajapani, mama."

Hakucheka. Nilitembea kidogo, likatokea lile fisi lenye pembe, tukaingia kwenye mapambano. Ikawa zamu ya Omari. Mimi nilikuwa namwangalia Mama Omari, sikubonyeza. Akasema, "Anangoja nini?"

"Ananingoja mimi nimwambie."

"Mwambie apige."

Nikabonyeza. Omari akaruka akalikata lile fisi, likarudi nyuma. Mama Omari alisogea mbele kwenye kiti. Fisi likampiga Mzee. Ikaja zamu tena. "Mwambie apige tena," akasema, na nikabonyeza, na akapiga. Tulilimaliza lile, tukapigana na jingine, na jingine. Alikuwa amekunja ngumi mbili magotini na machozi yanashuka tu, hayafuti, na kila zamu ya mwanawe ikifika anasema, "Mpige." Kwa sauti ya chini, kama mtu anasali. Sijui tulikaa muda gani. Tulipomaliza, alikuwa anahema kama aliyepanda mlima.

"Alikuwa anaogopa majogoo," aliniambia. "Mpaka amekua. Akimwona jogoo anazunguka nyuma ya nyumba."

"Sikujua, mama."

"Siku ile hakukimbia."

"Hakukimbia. Mahindi yalikuwa karibu kabisa. Akarudi kwa ajili yangu."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Hakuniuliza kwa nini nilimlalia yule mtu, na sikumweleza. Alinyanyuka, akajifunga vizuri kanga yake, akafika mlangoni. Pale akasimama, amenipa mgongo, akasema, "Marahaba."

Kisha akaenda zake.

Nimekuandikia haya yote na sijui kama yatakusaidia huko unakokwenda. Utakutana na watu wenye sauti laini na watakukosea, na siku moja utashika jiwe tena, maana wewe ni mwanangu. Sina dawa ya siku hiyo. Najua tu kwamba siku ile mimi na wewe tulikuwa na mtu wa kusimama ng'ambo, na kila mmoja alimwona mwenzake. Usikae sana mahali ambapo hakuna anayekujua uso.

Nawasikia mnakuja, mama yako anagomba na mwenye bajaji. Barua hii nitaiweka kwenye begi lako juu ya sweta, uione usiku huu ukifunga mizigo. Kesho asubuhi Mama Omari atakuja kituoni kukuaga. Ametuma mtu kusema nimpitie, kwa sababu njia ina matope na macho yake si mazuri. Kwa hiyo ukituona tunakuja pamoja, amenishika mkono, usiulize kitu. Msalimie tu, upande basi.

Baba yako anayekupenda,
Shabani